Nzi Wasiokuwepo na Mwezi Wenye Ukungu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa mbele nimewasikia. Wa nyuma mmeitika kama watu ambao hawajanywa uji. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa naona tumeamka wote.

Mchungaji amenipa dakika kumi, na kwa kuwa ananijua, ameshaivua saa yake ameiweka mezani. Baba Mchungaji, nitajitahidi. Lakini aliyonitendea Bwana hayakutendeka kwa dakika kumi, kwa hiyo nikizidisha kidogo mnivumilie.

Mnaniita Mama Kabula, wa hapa hapa Ibadakuli, yule anayeuza michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha. Hilo jina la Kabula lina kisa chake, nitafika. Mimi mwenyewe naitwa Milembe, nimezaliwa kule Ushirombo. Nyumbani tulisema Kisumbwa kwa baba na Kisukuma kwa mama. Kiswahili nilichokuwa nacho kilikuwa cha sokoni na cha Biblia, basi. Kumbukeni hilo la Kiswahili changu, maana nusura liniletee msiba.

Ndugu zangu, nilizaliwa na jicho moja bovu. Hili la kushoto. Ukinifunika la kulia nikakutazama, nitaona masikio yako na mabega yako, lakini uso siuoni; katikati pamekaa doa. Utotoni lilikuwa linakwenda upande wake na mwenzake upande wake, na watoto wa kijijini, mnawajua watoto, waliniita Chongo mpaka nikawa naitika. Nilizoea. Jicho la kulia lilifanya kazi ya macho mawili, lilichambua mchele, lilisoma Zaburi, lilimwona Masanja akiwa mbali anakuja kuposa. Yule pale Masanja, anayejifanya anafunga kamba za viatu. Mume wangu, inua kichwa, leo nitakusema vizuri.

Sasa jicho hilo bovu lilikuwa na mshtakiwa wake. Nilipokuwa mchanga wa siku chache, shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kunitazama. Akanibeba, akanigeuza huku na huku, akasema, "Mtoto huyu ana macho mazuri, jamani!" Akasifia tu. Hakunitemea mate ya baraka, hakusema hata neno moja la kupunguza sifa kama desturi ilivyotaka. Akala, akaaga, akaenda zake. Ilipopita miezi kadhaa na jicho likaanza kwenda kombo, mama akafunga hesabu yake. Shangazi ana jicho. Shangazi amemharibu mtoto.

Maneno hayo yalienea. Shangazi akakosa wa kumkaribisha, maana nani atampa mtoto wake mtu wa namna hiyo ambebe? Mwishoni akahama, akaja mjini Shinyanga kuuza michembe, na kanisani akaacha kwenda, kwa sababu hata kanisani wenye watoto wachanga walikuwa wakisogea mbali naye kwenye benchi. Miaka ishirini na minne, mama yangu na wifi yake hawakuamkiana.

Na mimi, ndugu zangu, niliokoka nikiwa msichana. Nikatupa hirizi, nikaacha kila kitu. Lakini hofu ya shangazi sikuiacha! Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa Shetani mwenyewe. Nasema kweli mbele za Bwana, nilikuwa naimba damu ya Yesu imeniosha, na moyoni nasema, ila shangazi asinitazame.

Basi nikaolewa na Masanja. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, sabuni na sukari vikitafutwa kama dhahabu, nasi tukaenda kutafuta dhahabu yenyewe porini upande wa Geita. Masanja alikuwa anashuka kwenye duara, lile shimo la wachimbaji, na mimi juu napika ugali, maharage na samaki kwa ajili yao. Maisha hayakuwa mabaya. Vumbi tu, na matusi ya wachimbaji, ambayo niliyakemea mpaka wakawa wanayasema wakiwa ndani ya shimo.

Kitu kimoja tulikosa. Miaka mitano, hatuna mtoto. Nikaomba mpaka magoti yakawa kama ya ngamia. Mwaka wa sita, Bwana akasikia! Nikajua kwa sababu nilianza kutamani udongo. Akina mama, mnacheka nini? Mnajua. Nilikuwa napita karibu na ukuta, nabandua kipande, natafuna kama karanga. Lakini sikumwambia mtu zaidi ya Masanja. Kwetu mimba changa haitangazwi. Unajifunga kanga vizuri, unanyamaza, mpaka itakapojitangaza yenyewe.

Wiki hizo hizo wakaja nzi.

Nzi mmoja kwanza, mdogo, mweusi, upande wa kulia. Nampunga, anakwenda, anarudi. Kesho yake watatu. Nikafunika sufuria, nikafukiza majani, nikamlaumu jirani yangu Mama Shija kwamba anatupa takataka zake upepo unakotokea. Akaja Mama Shija kutazama, akasimama mikono kiunoni, akaniuliza, "Nzi wako wapi?" Nikamwonyesha kwa mwiko, hawa hapa! Akatazama mwiko, akanitazama mimi, akarudi kwake polepole bila kugeuka.

Wachimbaji wakawa wanafanya mzaha. "Mama, leo unapigana na nani?" Jumapili tukiwa kwenye kibanda chetu cha kusalia, nzi wakanijia wakati wa wimbo. Nikavua kanga ya mabegani nikawa nawapunga, huku, kule, juu, chini. Mzee wa kanisa akapaza sauti, "Haleluya, dada amejazwa!" Kanisa zima likasimama, akina mama wakavua kanga zao, wote wakipunga. Ibada haikuwahi kuwa tamu namna ile! Na mimi katikati yao, ndimi peke yangu niliyekuwa nikifukuza nzi.

Nilicheka, ndugu zangu, kama mnavyocheka. Lakini wiki ya pili ukaja ukungu. Ukungu katika jicho la kulia, lile moja nililokuwa nalo! Nikitazama mtu, namwona kama yuko nyuma ya moshi wa kuni. Siku moja nikatia kitu kwenye maharage nikidhani ni chumvi, kumbe ni sukari yetu yote, ile Masanja aliyoisubiri kwenye foleni tangu alfajiri. Wachimbaji wakala, wakalamba sahani, na kesho yake wakauliza kama yale maharage ya jana bado yapo. Masanja hakucheka. Alinitazama akasema, "Milembe, funika la kushoto. Hivi ni vidole vingapi?" Nikasema vitatu. Alikuwa amenyoosha viwili.

Hapo ndipo kicheko kilipokauka. Nilikaa kisimani asubuhi jua likiwaka, ndoo tupu mbele yangu, nikalia mpaka wenzangu wakateka maji wakaondoka. Miaka mitano ninaomba mtoto, na sasa atakuja nisimwone! Na tena, kama jicho langu liliharibika tangu kuzaliwa, je, macho yake? Nikasema, "Bwana, kama ni lazima uchukue kitu, chukua hili jicho langu, mwachie mtoto ya kwake." Kisha nikaogopa kwamba labda amenisikia, nikasema, "Lakini Bwana, usiharakishe."

Mama Shija, ambaye alikuwa na huruma yake, akaniletea dawa ya majani ya kudondosha machoni. Kidogo niitie. Lakini sijui ni Roho gani alininong'oneza, nikasema ngoja nijaribu kwenye jicho bovu kwanza. Ndugu zangu! Niliruka nikakanyaga jiko. Pilipili ina nafuu. Namshukuru Mungu kwa ajili ya jicho langu bovu, maana siku ile lilimlinda mwenzake.

Masanja akasema yatosha, twende hospitali ya Shinyanga, kuna daktari wa macho kule. Akasema yeye hawezi kuacha duara, wenzake wako chini wanamtegemea, lakini atanipandisha lori la pamba, nami nitafikia kwa shangazi.

Nikasema, shangazi yupi?

Akasema, una mashangazi wangapi Shinyanga?

Nilikataa! Nikamwambia, "Masanja, la kwanza alilichukua. Unataka nimpelekee na la pili?" Mume wangu akatafakari. Akasema, "Sasa la pili linakwenda lenyewe, bila yeye. Panda lori." Nimewaambia leo nitamsema vizuri. Neno lile lilikuwa na akili.

Nikapanda juu ya marobota, tukapita Segese, tukapita Kahama, ukungu jichoni na vumbi usoni, mpaka Shinyanga. Nikafika kwa shangazi nimejifunika kanga kichwani mpaka kidevuni kama bibi harusi. Nilikuwa naficha uso wangu na tumbo langu. Akatoka mama mmoja mwembamba, mikono imejaa unga, akaniita mwanangu kabla sijasema mimi ni nani. Nikasema shikamoo nikiwa nimetazama chini. Akasema, "Marahaba. Mwangaluka," akanisalimia kwa Kisukuma, "ingia, chakula kiko tayari." Sikula. Nikasema nimefunga. Akatikisa kichwa, akanifunikia chakula.

Jioni yake nilikuwa nimekaa uani nyuma ya nyumba, njaa inaniuma, nikaona ukuta wake ni wa udongo mwekundu mzuri sana. Nikabandua kidogo. Nikabandua kingine. Nilipogeuka, shangazi amesimama na ungo wa michembe. Alinitazama, akautazama ukuta, akaingia ndani. Nikasema moyoni, nimekwisha, ameshajua.

Kesho yake akanishika mkono tukaenda hospitali. Tulikaa foleni. Wakanisomesha ile karatasi ya herufi E inayogeuka miguu, nikaitaja vibaya tangu mstari wa pili. Wakanitia dawa ya kupanua mboni, dunia ikawa maziwa. Kisha daktari, mtu wa pwani, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, akanimulika kwa taa yake muda mrefu sana, jicho hili, jicho lile.

Akaniambia, "Mama, jicho la kushoto lina kovu katikati, pale pa kuonea. Kovu hilo ulizaliwa nalo. Na la kulia lina kovu dogo pembeni, nalo ulizaliwa nalo, ila lilikuwa limelala. Sasa limeamka, linavimba. Hao nzi unaowaona wako ndani ya jicho lako." Akautaja ugonjwa. Toksoplazma. Mimi ulimi wangu ni wa kwetu, nikasema tokisopulasima, jina refu kama treni ya Tabora kwenda Mwanza. Akasema ni kijidudu kidogo kisichoonekana, ambacho mama yangu alikipata akiwa na mimba yangu, kikanipitia mimi tumboni, kikaniachia makovu. Kinaweza kulala miaka mingi kisha kikaamka.

Nilikuwa sijamaliza kushangaa akaniuliza, kalamu ikiwa tayari, "Mama, mara ya mwisho uliuona mwezi lini?"

Akina mama, naona mmeshaanza kushika midomo. Akina baba, msiojua mtaulizia nyumbani. Mimi, kwa Kiswahili changu cha sokoni na cha Biblia, mwezi niliujua mmoja, ule alioumba Mungu utawale usiku. Nikasema moyoni, daktari huyu ana akili, ameshapima macho yangu kwa karatasi ya karibu, sasa anataka kujua kama naona mbali. Nikamjibu kwa heshima zote, "Juzi, daktari."

Akasema vizuri, akaanza kuandika dawa. Nikaongeza, "Lakini ulikuwa na ukungu." Alikuwa ameshageuka kusema na nesi, hakunisikia.

Na niwaambie ukweli wote, ndugu zangu. Hata kama ningelielewa swali lake, sijui kama ningesema. Mimba ya miezi mitatu, baada ya miaka mitano, niitaje mbele ya mwanaume nisiyemjua na mbele ya shangazi mwenye jicho? Afadhali ulimi ukauke.

Daktari anaandika. Kalamu inakwenda. Ndipo shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, akafungua kinywa.

"Daktari, samahani. Huyu ana mimba."

Ndugu zangu, damu yangu ilisimama! Mimba yangu, iliyofichwa chini ya kanga mbili, imetajwa kwa sauti, na kinywa kile kile kilichosifia macho yangu! Nikainuka nikamwambia, "Shangazi, umeniua!" Yeye akasogea mbele. Akamwambia daktari, "Tangu jana anakula ukuta wangu. Akikaa wiki moja, nyumba itaanguka."

Daktari akaweka kalamu chini. Akanitazama. Akaniuliza polepole, kwa maneno ambayo hata mtoto angeelewa, na mimi nikaitikia kwa kichwa huku machozi yananitiririka. Akaichukua ile karatasi akaichana vipande vinne.

Akasema, "Mama, mshukuru shangazi yako. Dawa hii inafaa ugonjwa wako, lakini katika miezi hii ya mwanzo inaweza kumwumiza mtoto."

Mnasikia? Kinywa nilichokiogopa miaka yote ndicho kilichomwokoa mtoto wangu! Bwana asifiwe!

Kisha akatueleza. Akasema mimba haikuleta ugonjwa, ulikuwepo siku nyingi, ila kwa wanawake wengine wenye makovu kama yangu huweza kuamka wakiwa wajawazito, ndiyo maana ni lazima macho yatazamwe mapema na mara kwa mara. Nikauliza lile lililokuwa linaniuma kuliko jicho, je, mtoto? Akasema mara nyingi kijidudu kinamfikia mtoto pale mama anapokipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Mimi nilikuwa nacho tangu kuzaliwa, mwili wangu umeshazoea kukikamata. Leo tungesema mwilini mwangu walikuwemo sungusungu wanaomjua mwizi kwa sura. Akasema hawezi kuniapia, lakini matumaini ni makubwa. Neno hilo la matumaini nililishika kwa mikono miwili.

Akauliza tena, "Mama yako, alipokuwa na mimba yako, alikuwa akila nyama isiyoiva? Kulikuwa na paka nyumbani? Au naye alikuwa akila udongo?"

Shangazi ndiye aliyejibu, mimi nitajuaje? Akasema, "Wifi yangu? Alikuwa hali ukuta. Alikuwa anakula udongo wa chini ya ghala, alisema una harufu nzuri ya mvua. Na chini ya ghala ndipo walipolala paka wa kukamata panya, na ndipo walipofanyia haja."

Daktari akasema, "Basi inaweza kuwa ndiyo njia kiliyopitia. Uchafu wa paka ukiingia kwenye udongo, kijidudu kinakaa humo muda mrefu. Si kosa la mtu. Hakuna aliyejua."

Shangazi akakaa chini. Pale pale sakafuni, na kikapu chake. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si mimi." Hakumwambia daktari wala mimi. Akarudia, "Kwa hiyo si mimi." Alikuwa ametukanwa muda mrefu mpaka na yeye mwenyewe alianza kuamini.

Nikaitoa kanga usoni. Nikapiga magoti mbele yake, mboni zimepanuka, sioni kitu isipokuwa umbo lake na unga kwenye mikono yake, nikamwamkia upya, shikamoo ya kweli sasa. Akanishika uso kwa mikono yote miwili akanitazama, akanitazama sana, na mimi nikamwacha anitazame. Tulilia mpaka nesi naye akaanza kutafuta leso.

Mchungaji, nauona mkono wako unaelekea kwenye saa. Nafupisha.

Nilikaa kwa shangazi mimba yote. Ukuta nikauacha, akanipa matobolwa nitafune badala yake. Daktari alisema kovu liko pembeni, atalichunga bila dawa kwanza, na niende kila wiki. Ndugu zangu, kungoja bila dawa ni kazi! Akanifundisha kila asubuhi nifunike jicho bovu, nitazame mwimo wa mlango. Ukinyooka, nashukuru. Ukipinda, au nzi wakiongezeka, nikimbie hospitali siku hiyo hiyo, nisisubiri siku ya miadi. Basi asubuhi tulikuwa tunasimama mimi na shangazi mbele ya mlango kama askari, yeye ananiuliza, "Umenyooka?" nami najibu, "Umenyooka!" kisha tunaimba wimbo mmoja. Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani peke yangu. Ya pili shangazi alinisindikiza mpaka mlangoni. Ya tatu aliingia, akakaa, na mama mmoja aliyekuwa karibu yake akampa mtoto amshikie wakati anatafuta kitabu cha nyimbo. Hamtajua alichonipa Mungu siku ile kwa kumwona tu shangazi amebeba mtoto wa mtu.

Mwezi wa sita wa mimba, asubuhi moja mwimo ukapinda. Tulifika hospitali kabla hawajafungua mlango. Safari hii daktari wa macho akakaa na daktari wa wajawazito, wakazungumza wote wawili, wakanipa dawa nyingine ambayo mama mjamzito anaweza kuitumia. Kanisa likaomba. Nikameza vidonge huku naomba, naomba huku nameza vidonge, na sikuona ugomvi wowote kati ya viwili hivyo. Baada ya majuma machache ukungu ukaanza kuinuka, kidogo kidogo, mpaka siku moja nikamwambia shangazi, "Kumbe una mwanya!" Nilikuwa nimeishi naye miezi minne sijauona.

Siku zilipokaribia, mama yangu akaja kutoka Ushirombo. Nilikuwa nimemtumia barua nikamweleza yote. Alishuka kwenye gari na kibuyu cha maziwa, akasimama mlangoni mwa wifi yake, hawezi kuingia, hawezi kurudi. Shangazi akatoka. Mama akasema, "Wifi, nilikula udongo mimi, nikakulisha lawama wewe." Shangazi akapokea kibuyu. Akasema, "Ingia, wifi. Ila ukuta wangu usiuguse." Ndugu zangu, walicheka wale akina mama, walicheka mpaka wakashikana wasianguke, miaka ishirini na minne yote ikatokea kwenye kicheko kile.

Nikajifungua mchana, salama, mtoto wa kike. Daktari wa macho akaja na taa yake. Nilishika upande wa kitanda. Akamulika jicho la kwanza. Akamulika la pili. Kisha akasema, "Safi, mama. Yote mawili." Akaagiza tumrudishe kila baada ya muda fulani, tukamrudisha, na kila mara neno likawa lile lile. Safi! Jina lake tukampa la shangazi. Shangazi Kabula akambeba wajina wake akasema tena, mbele ya watu wote, "Mtoto huyu ana macho mazuri, jamani!" Na hakuna aliyesogea.

Nimesimama hapa kumshukuru Bwana Yesu aliyenifungua. Jicho aliliponya kwa mikono ya madaktari, na hofu aliiponya kwa kinywa cha shangazi. Akina dada, kama una shida ya macho tangu utotoni, ukishika mimba usifiche. Mwambie daktari wa macho kwamba una mimba, mwambie na nesi wa wajawazito kwamba una jicho. Akikuuliza habari za mwezi, usitazame juu. Nyama ipikeni iive, mboga zioshwe vizuri, na huo udongo, nawasihi, tuuachie ukuta. Na wewe uliye na mtu unayemwogopa bure, uliyemhukumu kwa jambo usilolijua, mpe Bwana hofu hiyo leo hii. Atakutoa aibu na atakupa ndugu.

Nzi wangu hawakuisha wote. Wamebaki wawili, wazee, daktari alisema hao wakae tu, hawana madhara. Nawajua kwa sura. Lakini nikimwona wa tatu sibishani na mtu, namwuliza mwenye macho yake. Kabula mwanangu, simama juu ya benchi watu wakuone. Haya, huyo anayezunguka juu ya kichwa cha Mchungaji, yupo au hayupo?

"Yupo, mama!"

Mmemsikia wenyewe, ndugu zangu. Yupo! Na Bwana naye yupo. Baba Mchungaji, mpunge nzi wako, mimi nakaa.